Marvel vs. Capcom: uanze na toleo lipi?

"Kaka, nichukue ipi?" Swali hili nimeulizwa na zaidi ya kijana mmoja aliyepata PS4 ya mtumba, akafungua duka la mtandaoni na kukuta majina matatu yanayofanana: Marvel vs. Capcom Fighting Collection, Ultimate Marvel vs. Capcom 3, na Marvel vs. Capcom: Infinite. Ni mfululizo wa gemu za kupigana, mashujaa wa katuni za Marvel na wahusika wa gemu za Capcom. Yote matatu yana Ryu, yote yana Spider-Man, yote yanaonyesha picha za watu wakirushiana moto. Kwa nje huwezi kuyatofautisha. Kwa ndani ni gemu za vizazi vitatu, na ukikosea kuchagua utaondoka ukidhani mfululizo mzima haukufai.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Ukiwa na mtu wa kukaa naye kwenye kochi moja, au intaneti isiyokatika katika, chukua Fighting Collection, na ndani yake nenda moja kwa moja kwenye Marvel vs. Capcom 2. Ukiwa unacheza peke yako na hujawahi kugusa gemu ya kupigana, Ultimate 3 itakupokea vizuri zaidi. Infinite iache iwe ya mwisho.

Kipimo ninachotumia si uzuri wa picha wala idadi ya wahusika. Ni msaidizi. Yule mwenzako aliye nje ya skrini, unayebonyeza kitufe akaingia mbio, akapiga pigo lake moja, akatoka. Gemu nyingi za kupigana ni watu wawili wanaotazamana. Hapa kuna wengine nyuma yako ambao hawaonekani mpaka uwaite, na namna kila toleo lilivyowatumia ndiyo iliyolijenga au kulibomoa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Capcom waliijenga gemu nzima juu ya jambo hilo.

Lilikotoka wazo lenyewe

Capcom ni kampuni ya Osaka, Japani. Mwaka 1994 ilitoa X-Men: Children of the Atom kwenye mashine za kumbini, zile za kutumbukiza sarafu, na ndani yake ikamficha Akuma wa Street Fighter, gemu yake yenyewe ya kupigana. Alikuwa mgeni mmoja tu, wa siri, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Mwaka uliofuata ikaja Marvel Super Heroes na mawe yake ya nguvu. Kisha 1996, X-Men vs. Street Fighter: wachezaji wawili, kila mmoja na wapiganaji wawili, na unaweza kuwabadilisha katikati ya pambano. Aliyepumzika nje anarudishiwa sehemu ya damu yake. Mwaka 1997, Marvel Super Heroes vs. Street Fighter ikaongeza kile ninachokitetea hapa: badala ya kumwingiza mwenzako moja kwa moja, unaweza kumwita apige mara moja tu na kurudi.

Hiyo X-Men vs. Street Fighter mimi niliianzia kwenye PlayStation ya kwanza, kwenye banda la gemu lenye televisheni ya inchi 14, tukilipa kwa dakika. Nilimchagua Storm, wa pili Wolverine, nikapigana nikisubiri Wolverine aingie kushika nafasi. Haingii. Nikabonyeza vitufe vyote. Mwenye banda akasema pedi imechoka, akaniletea nyingine, na ile nyingine nayo haikusaidia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba pedi zote mbili zilikuwa nzima. PlayStation ile ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu, na kila mpiganaji wa gemu hizi amechorwa kwa mkono, picha kwa picha, mamia ya picha. Wanne kwa pamoja hawakuenea. Capcom ikaondoa kubadilishana katika mapambano ya kawaida. Kwenye Sega Saturn walitatua kwa kuuza gemu pamoja na katriji ya kumbukumbu ya megabaiti 4, ukaichomeka mgongoni mwa mashine na kila kitu kikafanya kazi, ila toleo hilo liliuzwa Japani peke yake.

Kwa hiyo kama kumbukumbu yako ya gemu hizi ni ya banda na PlayStation ya kwanza, tafadhali usiitumie kuamua. Hukucheza gemu yenyewe. Katika Fighting Collection utapata zile za mashine za kumbini, nzima, na utaelewa kwa nini watu walikuwa wanapanga foleni.

Marvel vs. Capcom ya kwanza ilitoka 1998 na ndiyo iliyoweka jina tunalolijua. Wapiganaji wa kawaida 15. Ina upole fulani unaovutia, na muziki mzuri, lakini kwa msaidizi ilichepuka kidogo: badala ya kumwita mwenzako, unapewa msaidizi wa tatu kwa bahati nasibu, na unaweza kumwita mara chache tu kwa pambano. Ukiangukiwa na mzuri, shukuru. Ukiangukiwa na dhaifu, ndiyo imetoka. Napenda kuicheza Jumapili na mtu asiyejua chochote. Kwa ushindani, hapana.

Mwaka 2000, watatu dhidi ya watatu

Capcom ilipohamia mashine za NAOMI za Sega, ilitoa Marvel vs. Capcom 2 na kumwaga ndani yake karibu kila mtu aliyekuwa amechorwa tangu 1994. Wapiganaji 56: 28 wa Marvel, 28 wa Capcom. Unachagua watatu. Vitufe vinne vya kupiga, viwili vya kuita wasaidizi. Na kabla pambano halijaanza unachagua kila mmoja atasaidia vipi akiitwa: alfa, beta au gama. Mtu yuleyule akichaguliwa kwa beta anakuwa kifaa tofauti kabisa na alivyo kwa alfa.

Tazama sekunde tatu za gemu hii kwa karibu. Magneto anaruka kumwelekea mpinzani aliyekaa kwenye ulinzi. Kabla hajatua, mchezaji amebonyeza kitufe cha msaidizi. Psylocke anaingia kutoka nyuma na kupaa akizunguka kama pia, pigo juu ya pigo. Mpinzani amebanwa: anajikinga na Psylocke, na wakati huohuo Magneto anatua. Atapiga juu au chini miguuni? Kuna sehemu ndogo ya sekunde ya kuamua. Akikosea, ananyanyuliwa hewani, na Magneto anamfuata huko na kombo, mfuatano wa mapigo yaliyoungana, ambayo haina haraka ya kuisha. Psylocke ameshaondoka zamani. Wala hayupo kwenye picha wakati damu inaisha, lakini pambano amelimaliza yeye.

Na Psylocke mwenyewe hakuingia bure. Msaidizi akipigwa akiwa uwanjani anaumia naye, kwa hiyo kila unapomwita unaweka kitu rehani. Tena kuna pigo linalomtupa nje mpiganaji aliyeko uwanjani na kumlazimisha mwenzake aingie. Ule ujanja wa kumficha mgonjwa nyuma mpaka apone una dawa yake. Hapa ndipo gemu ilipopata utajiri wake: unapigana na mtu mmoja huku ukihesabu wengine wawili, wako na wa mwenzako.

Udhaifu wake lazima niuseme wazi, maana ndio utakaokuumiza ukinunua bila kujua. Uwiano hakuna. Kati ya wale 56, wanne wako mbali na wengine: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Wanaofuata ni wachache, na zaidi wanathaminiwa kwa usaidizi wao: Psylocke, Captain Commando, Cyclops, Doctor Doom. Ukimpenda mtu mwingine, utacheza naye kwa raha nyumbani, lakini ukikutana na anayejua utateseka. Watengenezaji hawakurudi nyuma kurekebisha, kwa sababu zama zile mashine ikishapelekwa ukumbini imepelekwa. Wachezaji wa Marekani waliikubali hivyohivyo, wakaichambua muongo mzima, na ilikuwemo kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, tangu 2002 hadi 2010. Justin Wong wa New York alijijengea jina kwayo.

Katika wale wanne, Storm ananigusa kwa namna ya pekee. Jina lake halisi ni Ororo Munroe, na katika hadithi za Marvel mama yake ni Mkenya. Alipotambulishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 alikuwa Kenya, watu wakimwomba mvua. Katika gemu hii ndiye anayeitawala hewa. Akishakuzidi damu kidogo tu, anapaa na kukaa huko, akikurushia upepo, na ukimfuata kwa hasira anakumwagia mvua ya barafu inayojaza skrini nzima. Nilipomwona mara ya kwanza akiwa nguzo ya gemu yote, si mapambo, nilijisikia vizuri. Sioni haya kusema hivyo.

Disemba 2013 gemu hii iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Ukiitaka ilibidi utafute diski kuukuu, na bei zake zilipanda. Mashabiki walifanya kampeni ya kutaka irudishwe, na Septemba 2024 ikarudi ndani ya Fighting Collection kwa PS4, Switch na kompyuta, na Xbox mwaka uliofuata. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 50 kasoro senti. Ndani kuna gemu saba: zile sita za kupigana kuanzia Children of the Atom hadi Marvel 2, pamoja na The Punisher ya 1993, ambayo ni ya kutembea mtaani ukipiga wahuni na ni nzuri mkicheza wawili. Wahusika wote wameshafunguliwa. Zamani, kwenye Dreamcast, mashine ya nyumbani ya Sega, ulianza na 24 na wengine ukawanunua kwa pointi taratibu.

Jambo moja la kitaalamu linamhusu sana anayecheza akiwa Dar, Mombasa au Bujumbura, ambako mpinzani wa mtandaoni mara nyingi yuko bara jingine. Gemu za zamani za mtandaoni hukuchelewesha: unabonyeza, mashine inasubiri taarifa ya mwenzako ifike, ndipo mkono unatoka. Kwa umbali mkubwa inakuwa kama kupigana ndani ya maji. Fighting Collection haisubiri. Inakisia mwenzako atafanya nini, inaendelea, na taarifa halisi ikifika inarudi nyuma kidogo na kusahihisha. Utaona mpinzani akiruka ghafla kutoka hapa hadi pale, lakini vidole vyako vinatii papo hapo. Kwa gemu ambayo uamuzi wake ni sehemu ndogo ya sekunde, hiki ni kitu cha kulipia.

Mwaka 2011, mlango uliopanuliwa

Marvel vs. Capcom 3 ilitoka Februari 2011, na Ultimate ikafuata Novemba mwaka uleule ikiwa na watu 12 zaidi. Ukihesabu na wawili waliouzwa kando, Jill na Shuma-Gorath, wanafika 50. Picha za kuchora kwa mkono ziliachwa, wahusika wakawa wa pande tatu lakini wamepakwa vivuli vizito kama kurasa za katuni. Mpaka leo inapendeza. Bado mko watatu kwa watatu, bado wasaidizi wana aina tatu.

Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Vitufe vya kupiga ni chepesi, cha kati, kizito, na cha nne cha kumrusha mtu juu. Bonyeza kwa mfuatano huo na tayari una kombo. Kijana wa miaka 12 ataipata ndani ya dakika tano, jambo ambalo Marvel 2 haitampa hata ndani ya wiki. Tena wahusika wake wana tabia zao. Frank West anapanda daraja kwa kupiga picha katikati ya ugomvi. Phoenix Wright, mwanasheria, anaokota ushahidi uwanjani na ukikamilika anageuka mtu mwingine. Ukiwa unacheza peke yako, kuwachunguza watu 50 wa namna hii ni starehe ya miezi.

Ninachokishitaki ni X-Factor. Mara moja kwa pambano unabonyeza vitufe vyote vya kupiga, mpiganaji wako anang'aa mwekundu, anaongezeka kasi na nguvu, na kadiri ulivyopoteza wenzako ndivyo inavyokuwa kali na ya muda mrefu. Nia ilikuwa njema, kumpa aliyezidiwa nafasi ya kurudi. Lakini mpiganaji kama Vergil aliyebaki peke yake na X-Factor anaweza kuwafagia watatu wazima, na mimi nimeshakaa upande ule wa kufagiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda. Watazamaji hupiga kelele kwa furaha. Mchezaji aliyepanga wasaidizi wake vizuri kwa dakika mbili anabaki akitazama mikono yake. Kwa kipimo changu hiyo ni kasoro, kwa sababu inamlipa aliye peke yake kuliko aliye na timu.

Mtandao wake ni wa mtindo wa zamani wa kusubiri. Nairobi kwa Nairobi utacheza. Nairobi kwa Ulaya utakunja uso. Ila ilipoletwa PS4 mwishoni mwa 2016, kisha Xbox One na kompyuta 2017, ilianza kwa dola 25, nusu ya bei ya mkusanyo ule wa Fighting Collection, na kwenye punguzo huwa inashuka sana. Haihitaji kompyuta ya kisasa. Kwa mwenye mfuko mwembamba hoja hiyo ni nzito.

Mwaka 2017, msaidizi aliondolewa

Infinite ilitoka Septemba 2017. Wawili kwa wawili. Wapiganaji 30 mwanzoni, sita wakaongezwa kwa kulipia, Black Panther akiwa mmojawapo. Hakuna X-Men hata mmoja. Magneto hayupo, Sentinel hayupo, Cable hayupo, Storm hayupo. Wolverine, aliyekuwepo tangu siku ya kwanza, naye hayupo. Sura za baadhi ya wahusika zilichekwa hata kabla gemu haijatoka, ya Chun-Li ikabidi irekebishwe.

Watu wengi huishia hapo, na nadhani wanaikosea. Sura mbaya husahaulika ukishaanza kucheza, na Infinite chini ya sura zile ina mchezo mzuri kweli. Unaweza kubadilisha mpiganaji wakati wowote, hata katikati ya pigo, na mmoja anaendelea kumalizia kazi yake huku mwingine akiingia. Mawe sita ya nguvu yamerudi, kila moja na kazi yake. Mtandao wake ni wa kukisia, mzuri kuliko wa Ultimate 3.

Lakini hakuna msaidizi. Hakuna yule wa kuitwa apige mara moja na kuondoka. Kila anayeingia anaingia kukaa, mpaka umbadilishe tena. Capcom walifikiri kubadilishana huru kutatosha kujaza pengo, na kwa hesabu za kombo kunatosha. Kwa hisia hakutoshi. Lile tishio la mtu asiyeonekana, ambaye unajua yuko na hujui ataingia lini, limeondoka. Mwaka 2018 Evo haikuiweka kwenye orodha yake kuu, miezi michache tu baada ya kutoka. Mashabiki wenyewe wametengeneza marekebisho ya kompyuta yanayoipaka sura mpya, na inang'aa. Msaidizi bado hayupo.

Sasa, wewe ni nani?

Una ndugu au rafiki mnayeshindana naye kila jioni na hamchoki: Fighting Collection, bila kufikiri mara mbili. Nunueni na pedi ya pili iliyo nzima, yenye vitufe vya mishale vinavyobonyea vizuri, maana kijiti cha kuzungusha hukosea robo duara, ule mzunguko wa kidole unaotoa mapigo maalumu, katika gemu hizi za zamani.

Unacheza peke yako, unapenda wahusika na hadithi zao, kompyuta yako ni ya kazi za ofisini: Ultimate 3. Hadithi ndefu hutaikuta, ila utakuta kazi za mazoezi kwa kila mhusika, na zinafundisha.

Umetokea kwenye filamu za Marvel na unataka gemu yenye simulizi ya kutazama: Infinite ndiyo pekee kati ya hizi yenye simulizi ya namna hiyo. Subiri punguzo, usilipe bei kamili.

Unamnunulia mtoto: Ultimate 3 kama ana miaka 12 na kuendelea. Mdogo zaidi ya hapo, ile Marvel vs. Capcom ya 1998 iliyomo kwenye mkusanyo itamfurahisha kwa rangi zake, na unaweza kuwasha kitufe kimoja cha kutoa mapigo maalumu ili asikwame kwenye kuzungusha vidole.

Kwa atakayechukua mkusanyo, jioni ya kwanza fungueni Marvel 2 na muache kwanza Magneto, anahitaji mikono yenye mazoezi. Chagua Sentinel kwa gama, Cable, na Captain Commando kwa beta. Mwache mwenzako akurukie apendavyo. Sentinel ni mkubwa na mzito, atakupa tabu kujikinga, na utashawishika kurudi nyuma mpaka ukutani. Usirudi. Bonyeza kitufe cha Commando. Ataingia, na nguzo ya mwanga itasimama kutoka sakafuni hadi juu ya skrini, na mwenzako aliyekuwa hewani ataning'inia humo. Halafu msikilize atakavyouliza: "Huyo katokea wapi?"